Volti Ishirini na Nne

Kimefika kutoka Osaka, kipaza sauti cha hedifoni,
kimeviringwa magazeti nisiyoweza kuyasoma,
kizito kama tofali bichi,
na ubavuni mwake adapta aliyozaliwa nayo,
iliyozoea volti mia moja tu.
Ukutani kwangu hapa Dennistoun, Glasgow,
zinangoja mia mbili na thelathini, hazina simile.

Nikakumbuka redio ya Mwalimu Shemzigwa kule Soni:
iliimba mara moja, ikatoa moshi,
darasa zima tukainusa siku tatu.
Nikairudisha adapta ndani ya boksi.

Wiki ya kwanza nilikimbilia rahisi.
Pauni tisa, nyepesi kama kiberiti,
maandishi yote sawasawa:
ishirini na nne, mkondo mnyoofu, chanya katikati ya pini.
Taa ikawaka. Nikavaa hedifoni.
Akaingia mbu.

Si mbu wa kuua kwa kofi.
Mbu mmoja, mwembamba, asiyetua,
chini ya kila neno la kaseti.

Kaseti ni barua. Zamani tulitumiana sauti.
Hii ni ya mwaka tisini na moja,
Hoza ananipa habari za nyumbani:
bei ya plamu, bati jipya la jikoni, ng'ombe aliyezaa pacha,
"na baba, Kupaza, baba hajambo."
Miezi miwili baadaye
wao walizika, mimi nikapigiwa simu.
Tangu hapo mimi na Hoza hatusemezani.

Isbel Rankine ana duka nyuma ya kinyozi,
vidole vimejaa makovu ya risasi ya kulehemu.
Alikigeuza kipaza chali kama mkunga ageuzavyo kichanga,
akasoma kibandiko kwa kioo cha kukuzia.
"Volti zilingane, kama mguu na kiatu.
Ampea zikizidi usihofu,
mtungi mkubwa haumlazimishi mtu kunywa.
Zikipungua ndipo penye msiba."
(Kiatu ni chake. Mtungi ni wangu,
nimemtilia mdomoni nikitembea kurudi.)

Kisha akaichukua ile ya pauni tisa, akaitikisa sikioni.
"Hii inakatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde.
Redio ya gereji haitajali. Wewe utajali."
Akainama rafu ya chini, akaguna,
akatoa sanduku la kijivu lenye donge la chuma ndani,
shaba imezungushwa na msusi asiye na haraka.
Pauni sitini na tano, fyuzi imo.
Nikapiga hesabu ya kodi. Nikapiga tena.
Nikalipa.

Usiku, jirani wa chini amezima televisheni.
Nimeliweka sanduku mbali na kipaza, urefu wa mkono, alivyoagiza.
Nimepima ncha kwa mita: ishirini na nne nukta moja.
Nikawasha.

Kimya.
Kimya chenye kina, kisima kilichoondolewa mfuniko.

Nikamsikia Hoza akimeza mate.
Nikasikia mlango, kuku, kijiko kikilazwa sahanini.
Na kabla tu ya "baba hajambo",
pale pale, miaka yote hii,
nyuma ya mvumo wa kila mashine niliyowahi kumiliki,
kikohozi,
na sauti ya pili, chini chini, ya mtu aliyelala:
"Usimwambie. Ana mitihani."

Nikarudisha nyuma. Nikasikiliza.
Nikarudisha.

Sanduku la kijivu limepata joto kidogo,
joto la mkono uliotoka mfukoni.
Soni sasa ni saa kumi na moja alfajiri,
Hoza huamka mapema kukamua.
Simu iko mezani, asilimia nne.
Napapasa gizani, natafuta chaja yake.